Kadi Iliyochomekwa Kwenye Pao

Tuliingia Dallas, mtaa wa mjini Embu, mwaka 1984, mwaka wa mahindi ya njano. Kwetu ni Mbeere, upande wa chini wa Embu, kwenye mchanga na migunga, na mvua za mwaka ule zilitunyima hata mtama, nafaka ambayo kwa kawaida haidai mengi. Serikali iliagiza mahindi kutoka nje, yakaja ya njano, na kina mama wakayageuzageuza kwenye ungo kama watu waliopewa pesa za nchi nyingine. Jirani zetu Wakamba waliuita ukame ule nikwa ngwete, yaani nafa nimeshika, kwa kuwa mtu aliweza kufa njaa na pesa zake mkononi, dukani hamna kitu. Sisi hata hizo za kushika hatukuwa nazo. Baba alikuwa amekwisha tangulia mjini kutafuta vibarua. Mama akafunga vyombo, akambeba mdogo wetu mgongoni, mimi na kaka tukabeba vilivyosalia.

Nilikuwa na miaka 14. Wenyeji walituambia mtaa ulipata jina kutoka kwa ile tamthilia ya Kimarekani ya matajiri wa mafuta na majumba yao. Kama ni kweli, basi aliyelibandika alikuwa na kejeli ya kutosha. Chumba chetu kilikuwa futi kumi kwa kumi, kuta za mabanzi yaliyozibwa nyufa kwa magazeti na uji wa ngano, sakafu ya udongo, paa la mabati yaliyokwisha ezekea nyumba nyingine kabla ya yetu, matundu ya misumari ya zamani yakiwa yamezibwa kwa lami. Tulilala watu watano. Dirisha lilikuwepo, dogo kama daftari, nalo lilikuwa limepigiliwa misumari kabla hatujahamia, kwa ajili ya wezi. Mwezi wa saba, ukungu wa Mlima Kenya unaposhuka na kukaa mjini wiki nzima bila jua, jiko la makaa liliingizwa ndani na mlango ukafungwa. Hadi leo nashangaa kwamba tuliamka kila asubuhi.

Ploti ilikuwa na vyumba 12 na choo kimoja cha shimo. Maji tulinunua kwa mtungi, na siku ambazo hapakuwa na pesa tuliteremka hadi mto Rupingazi.

Mwenye ploti hakuwa mtu mbaya. Alikuja mwisho wa mwezi kuchukua kodi, shilingi 120, akanywa chai akiwa amesimama, akauliza habari za watoto. Alikuwa na karatasi moja tu ya kumthibitisha pale, barua ya ugawaji, iliyokunjwa na kukunjuliwa hadi ikatoboka kwenye mikunjo. Hati miliki hakuwa nayo. Siku moja mama alimwomba ajenge choo cha mawe. Akamjibu kwa upole, “Mama, nitajengaje cha kudumu, na mimi mwenyewe hapa ni wa muda?” Wakati ule niliona ni jibu la bahili. Nimelifikiria sana tangu hapo. Bila hati, benki haikumpa mkopo. Bila ramani iliyoidhinishwa, jengo la mawe lilikuwa kosa ambalo lingeweza kumletea tingatinga. Na mahali penye majengo ya muda, bomba la maji taka halina sababu ya kufika. Kwa hiyo kuhara kwa mdogo wetu kila msimu wa mvua kulianzia kwenye ile barua iliyotoboka, ingawa kliniki waliandika tu kwamba ni maji machafu.

Kaka alipata kazi kwenye kiwanda cha mbao. Alipoanza kukohoa tulisema ni vumbi la msumeno, na yeye mwenyewe alipenda tuseme hivyo, kwa sababu kikohozi cha kazi hakina aibu. Alikonda. Usiku shuka lake lililowa jasho katika baridi ambayo sisi wengine tulijikunyata. Katikati ya mwaka 1987 alitema damu kwenye kitambaa, akakikunja vizuri, akakitia mfukoni, na mama akakikuta siku ya kufua.

Ilikuwa kifua kikuu. Kenya ilikuwa na mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma tangu 1980, na dawa zilitolewa bure; kwa upande huo sina lawama. Matibabu ya siku hizo yalikuwa marefu, karibu mwaka mzima, na miezi ya mwanzo ilikuwa sindano kila siku. Kaka alidungwa hadi akawa anakaa upande upande. Alipewa kadi yenye namba yake na miraba ya tarehe. Muuguzi alimwambia mama, “Hii kadi ikipotea, na mgonjwa amepotea.” Mama aliirudisha nyumbani kifuani mwake, akatazama chumba kizima, akaichomeka kwenye pao, juu ya kitanda cha kaka, chini ya bati zima pekee tulilokuwa nalo. “Hapo ndipo pakavu,” akasema. “Na panya hawafiki.”

Muuguzi huyo alikuwa ameuliza tunalala wangapi, na kama chumba kina dirisha. Mama akajibu lipo. Hakusema uongo. Tulipofika nyumbani kaka aling'oa misumari ile kwa kisu, dirisha likafunguka kwa mara ya kwanza tangu tuhamie, na kuanzia usiku ule baba alilala na panga ubavuni. Baadaye, nilipofundishwa jinsi vijidudu vya ugonjwa huu vinavyoelea kwenye hewa iliyotuama kwa saa nyingi, na jinsi upepo na jua vinavyovipunguza nguvu, nilikumbuka panga lile. Hewa safi kwetu ilikuwa na gharama ya mlinzi.

Ilani ilibandikwa mwezi wa nane. Bwana afya alikuja na mwenzake, akazunguka ploti, akachungulia choo, akaziba pua, akaandika. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa kidato cha pili, ploti nzima ilinikusanyikia nifasiri. Nilisoma kwamba chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, choo na vyumba vyetu vimeonekana kuwa kitu ambacho sikukipatia neno kwa haraka, nikasema “kero”. Shosho, yaani bibi, wa chumba cha tatu, aliyekuwa akichambua maharagwe bila kuinua kichwa, akaniuliza, “Kero ni choo, ama ni sisi?”

Sikuwa na jibu. Karatasi nayo haikulisema waziwazi.

Nimeisoma sheria hiyo mara nyingi tangu wakati huo, na si sheria ya kipumbavu. Ilitungwa 1921. Inadai vyoo, inadai hewa, inakataza watu kurundikana chumbani, yote mambo ambayo muuguzi wa kaka angeyatia sahihi. Lakini ina tabia za wakati wake. Mwaka 1902, tauni ilipoingia Nairobi, mganga wa serikali aliamuru soko la Wahindi lichomwe moto, na likachomwa; hivyo ndivyo afya ya umma ilivyojifunza kutembea katika nchi hii. Iliona nyumba mbovu kama chanzo cha ugonjwa, ambavyo ni kweli, ikaiondoa nyumba, kisha ikarudi ofisini ikiamini kazi imekwisha. Aliyekuwa ndani ya nyumba hakuwa na mstari wake kwenye fomu.

Ilani ilielekezwa kwa mwenye ploti. Alipewa siku za kuchimba vyoo viwili vipya, kutoboa madirisha na kuweka sakafu ya saruji, la sivyo apelekwe kortini. Akapiga hesabu. Kutengeneza kungemla kodi za miaka. Kutuondoa hakukuwa na gharama yoyote. Akaja akatuambia kwa mdomo tutafute kwingine. Baadhi walihama. Sisi tulibaki, tukidhani mtu anayekunywa chai yako hawezi.

Alikuja Jumamosi asubuhi na mafundi wanne na mkokoteni. Hakutugusa, hakututukana, hakuleta polisi. Alipandisha mafundi juu wakaanza kuezua. Mabati yalikuwa yake, mapao yalikuwa yake, na alichukua mali yake. Nakumbuka sauti ya misumari ikitoka, na nakumbuka mwanga. Sikuwa nimewahi kukiona chumba kile chote kwa mwanga wa mchana. Niliona masizi ukutani yamefika usawa wa mabega yetu na kupanda, na nikaona aibu, kana kwamba wale mafundi wamenikuta naoga.

Kaka alikuwa amekwenda kudungwa sindano. Mama alikimbia kuokoa unga na blanketi kwa sababu manyunyu yalikuwa yameanza. Mimi nilishika masufuria. Baba alikuwa akibishana na mwenye ploti kuhusu kodi ya mwezi iliyokwisha lipwa. Hakuna aliyekumbuka pao. Mkokoteni uliondoka na mbao zote zimefungwa kamba pamoja, na kadi ndani yake mahali fulani. Jioni mama alipoikumbuka alikaa chini palepale kwenye tope. Kisha akainuka, akaufuata ule mkokoteni hadi gizani asiupate.

Tulilala siku tisa kwenye baraza la duka. Kisha tukagawanyika, wanawake kwa shangazi, baba kwa rafiki yake, kaka akarudishwa Mbeere kwa babu, mahali pakavu, tukidhani hewa itamfaa. Kituo cha karibu kule kilimwuliza kadi. Aliambiwa arudi alikoandikishwa. Hakuwa na nauli ya kurudi, na aliyemwambia hivyo pengine alikuwa akifuata maagizo. Wiki zikawa miezi. Kama ilivyo kawaida ya dawa hizo, alikuwa amekwisha jisikia nafuu, akaanza kusaidia kulima. Mwaka 1988 damu ilirudi, nyingi kuliko ya kwanza. Akalazwa, akaanza upya sindano ya kwanza hadi ya mwisho. Kufikia hapo mdogo wetu alikuwa na tezi zilizovimba shingoni; naye ulikuwa ugonjwa uleule.

Wote wawili walipona. Nasema hivi mapema kwa sababu wasomaji hungoja kifo katika hadithi za namna hii. Kaka yu hai. Ila pafu lake la kushoto lilisinyaa na kubaki kovu, na kijana aliyekuwa akibeba magogo hajawahi tena kubeba gunia. Alifanya kazi za kukaa maisha yake yote: bawabu, muuza sigara, mshona viatu. Hakuoa hadi miaka 40, akisema hataki kumpa mwanamke nusu ya kifua.

Mama hakuwahi kuzungumza juu ya Jumamosi ile bila kurudi nyuma zaidi. Alizaliwa upande wa Runyenjes, na alikuwa mtoto wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipowahamisha Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya milioni moja kutoka kwenye maboma yao ya milimani na kuwapanga kwenye vijiji zaidi ya 800, kuanzia 1954. Vibanda viliegemeana, handaki limezunguka, watu wakatoka kwa saa walizopangiwa. Alimzika mama yake mzazi kule, homa ya matumbo. Nyumba yao ya awali ilichomwa. “Kila mara wanaondoa paa kwanza,” alisema, “halafu wanashangaa kwa nini mnakohoa.”

Mwishoni mwa miaka ya tisini kanisa letu lilileta wasaidizi wa sheria ukumbini. Nilikwenda kwa sababu ya soda. Mmoja wao akasoma Sura ya 296, sheria ya kudhibiti kodi, iliyotungwa 1959. Nyumba ya kuishi ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi inalindwa. Mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji bila amri ya baraza la kodi, na akimsumbua ili ahame mwenyewe, hilo ni kosa la jinai. Nilipiga hesabu hapohapo. Sisi tulilipa 120. Tulikuwa tumelindwa kikamilifu, asubuhi ile yote, misumari ikitoka. Sheria ya afya ilikuwa na mtu wa kuibandika ukutani. Hii nyingine haikuwa na wa kuisoma. Zilikaa kwenye kabati moja la vitabu, moja ikijua nyumba ina choo kibaya, nyingine ikijua nyumba ina mtu, na hazikuwahi kukutanishwa.

Zilikutanishwa 2010, angalau kwenye karatasi. Ibara ya 43 ya Katiba inaweka katika orodha moja afya, makazi yanayofaa pamoja na usafi, chakula, maji safi, hifadhi ya jamii na elimu. Wakati huo nilikuwa mhudumu wa afya ya jamii. Nilifunzwa baada ya serikali kuanzisha mpango huo 2006, nikapewa mkoba, daftari na nyumba za kutembelea, nyingi zake palepale Dallas. Niliisoma ibara hiyo kwa kaka. Akaniuliza, “Nani atasukuma?”

Jibu lilikuja kutoka mbali, na likasomewa mlangoni petu. Siku za Krismasi ya 2010, watu wa Medina, Garissa, waliokuwa wameishi pale tangu miaka ya arobaini, walibomolewa nyumba kwa ajili ya barabara. Watu 1,123, wazee na watoto wachanga miongoni mwao, wakabaki chini ya jua la Garissa bila kivuli, maji wala choo. Wakashtaki, na kesi yao ikasikilizwa na Mahakama Kuu hapa Embu. Novemba 2011 jaji aliamua kwamba haki zao zimevunjwa, na hakuitaja nyumba peke yake. Alitaja uhai, maji, usafi, chakula, afya. Akaamuru warudishwe na wajengewe, au wapewe mahali pengine, na kila mmoja alipwe shilingi 200,000.

Tangu kituo cha mabasi hadi mahakamani ni mwendo wa mguu. Nilikuwa nimepita nje ya jengo lile mara nyingi mwaka ule nikiwa na mkoba wangu wa dawa, bila kujua kinachozungumzwa ndani. Nilipomwelezea kaka hukumu, hakuuliza juu ya pesa. Alitaka kujua kama jaji alizungumzia wagonjwa waliokuwa kwenye dawa. Nilimwambia jaji alitaja afya. “Lakini dawa,” akasema. “Za kila siku.”

Kaka alikuwa na haki ya kuuliza, na sheria iliyofuata ilimjibu nusu. Mwaka 2016 Bunge liliongeza kwenye Sheria ya Ardhi utaratibu wa kuwaondoa watu: notisi ya miezi mitatu, maafisa wajitambulishe, heshima na uhai vilindwe, wazee, watoto na wenye ulemavu wapewe ulinzi maalumu. Kuna kipengele kimoja nilichokisoma mara mbili: wanaoondolewa wapewe nafasi ya kwanza kubomoa wenyewe na kuokoa vitu vyao. Aliyeandika kifungu hicho, hata kama alifikiria mabati na milango tu, alifikiria pia kadi yetu. Na mwaka 2021, katika kesi ya wanakijiji wa Mitumba waliobomolewa karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba hata mtu asiye na hati aliyekaa kwenye ardhi ya umma anaweza kuwa na haki ya makazi inayolindwa.

Lakini tazama ni nani anayezungumziwa. Vifungu vile vya 2016 vinamhusu anayekalia ardhi bila kibali. Wengi wetu Dallas ni wapangaji, tunalipa, tuna mtu wa kumlipa. Mpangaji anarudishwa Sura ya 296, ambayo kiwango chake ni kile kile cha shilingi 2,500, na kodi ya chumba chenye maji na choo cha ndani ilikwisha kukipita zamani. Kwa hiyo nyumba ikiwa bora kiafya, mlinzi anaondoka. Niliona hivyo kwa macho yangu: bomba lilipoingizwa kwenye ploti mbili za mtaa wangu, kuhara kulipungua kwenye daftari langu ndani ya mwaka mmoja, kodi ikapanda, na familia tatu zilizokuwa na watoto wengi zikahamia ploti ya nyuma, yenye shimo. Nikazifuata huko na daftari lilelile.

Leo Dallas ina ghorofa za mawe, zimesimama katikati ya mabati kama meno mapya. Kaka anaishi chumba cha chini cha mojawapo, dirisha kubwa, hapandi ngazi. Mama alifariki akiwa na karatasi zake zote kwenye mkebe wa kakao uliofungwa kamba, hata risiti za unga.

Mwaka huu, kipindi cha baridi, nilimtembelea mama kijana kwenye ploti ile ya nyuma. Mumewe ameanza dawa za kifua kikuu, siku hizi miezi sita, vidonge tu. Nilimwomba kadi ya kliniki nilinganishe tarehe. Akapanda kitandani, akanyoosha mkono juu, akaitoa katikati ya pao na bati. Nikamwuliza kwa nini anaiweka pale.

“Shosho,” akasema, “hapa ndipo pakavu.”